Kalamu ya Baba Iko Mkononi Mwako

Tarehe 4 Februari

Kufuli,

Salamu nitazitafuta nikimaliza, kwa sasa sina. Shangazi alinipigia simu jana akanieleza, kwa raha zake zote, kwamba presha ya macho imemaliza hata lile jicho la kushoto la baba, kwamba siku hizi hawezi kuandika, na kwamba kila jioni wewe unaketi mezani na kitabu chake, yeye anasema, wewe unaandika. Alidhani najua. Nikamjibu kwamba najua, maana nisingempa raha ya kunipasulia habari. Halafu nikaenda kusimama nyuma ya mashine za kukaushia mpaka wasichana wangu wa dobini wakaja kuuliza kama naumwa.

Unazikumbuka sheria za kitabu kile, au nikukumbushe? Baba anarudi kutoka kutengeneza lifti zake, anakula, ananawa tena mikono kwa sababu ya grisi, anafungua sanduku la vifaa, anatoa kitabu, na nyumba nzima inanyamaza. Hata mama alikuwa hapiti nyuma ya kiti chake. Mimi niligusa jalada tu, nikiwa darasa la sita, nikanyimwa safari ya shule. Jalada, Kufuli. Sikufungua. Leo wewe uko ndani kabisa, unajaza kurasa kwa mwandiko ule ambao mwalimu alikuwa akiuita wa kuku.

Sasa nieleze, wewe uliye karibu na habari. Shajara ya mtu si ni mazungumzo yake na nafsi yake? Tangu lini nafsi ikaajiri karani? Sikatai kwamba asiyeona anahitaji msaada. Nauliza kwa nini wewe, na jibu ninalo: kwa sababu uko hapo. Kila kitu umekipata kwa sababu uko hapo.

Nina swali moja, na ukinijibu hilo nitakuacha. Unajua nilivyochelewa mazishi ya mama. Hoteli yetu ilikuwa imejaa wageni wa mkutano, meneja alinizuia, nikafika mama ameshazikwa, na baba akasimama mlangoni akaniuliza nimekuja kuangalia nini. Nikageuka na sanduku langu. Hiyo ni miaka minne, na tangu siku ile hajanitamkia neno. Natuma dawa, anapokea. Natuma mashuka, anayalalia. Hasemi. Lakini kwenye kitabu kile hajawahi kudanganya, mama mwenyewe alikuwa akisema hivyo ingawa hakuwahi kukisoma. Kama amenisamehe, imeandikwa humo. Kama hajanisamehe, pia imeandikwa. Ananitaja?

Nijibu kwa barua kama kawaida yetu, si kwa simu. Kwenye simu atasikia hata ninavyopumua.

Dada yako,
Meja


Tarehe 13 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma chini ya meza ya duka huku mashine ya fotokopi ikitafuna vyeti vya mteja. Baba hajambo kiasi. Dawa zimefika.

Shangazi hakukudanganya. Jicho la kushoto lilizima mwezi wa kumi na moja. Wiki nzima baba alijaribu kuandika mwenyewe, akiweka rula chini ya mstari ili mkono usipotee, na mistari ikapandana mpaka ukurasa ukawa mweusi. Jioni moja akanisukumia kitabu. Nikakisukuma kumrudishia, nilidhani amekosea. Akasema, "Andika. Siku isiyoandikwa hainiishii." Nikaandika. Sikuiomba kazi hiyo wala sikuipigia magoti.

Hilo la nafsi na karani lilimsumbua hata yeye. Siku za mwanzo alikuwa akisema mambo ya lifti tu: kamba ya jengo letu inalia ghorofa ya tatu, vijana wanapaka grisi juu ya uchafu, na kadhalika. Unayajua masikio yake. Anasimama koridoni, anaweka kiganja kwenye mlango wa lifti, anakuambia kinachouma ndani. Tangu macho yaondoke masikio yamezidi. Hata nikikata vitunguu anajua kama nina hasira. Ndiyo maana nakuandikia dukani. Polepole akanizoea, akaanza kusema kama mtu aliye peke yake. Uso anauelekeza dirishani. Nikikohoa anashtuka, kana kwamba amekuta mtu chumbani.

Sasa swali lako. Aliniambia yaliyomo humo yasitoke, na mimi ni Kufuli, jina mlinipa wenyewe kwa sababu mdomo wangu ulikuwa haufunguki. Lakini umeuliza kwa uchungu, basi nitakujibu hilo moja tu. Hajakutaja. Labda anakuweka moyoni, ya moyoni mimi siyajui. Kitabuni Meja hayumo.

Jikaze, dada.

Mdogo wako,
Kufuli


Tarehe 22 Februari

Kufuli,

Nimeipata. Nilikuwa naisoma huku nimesimama mbele ya mashine ya kupigia pasi mashuka, nikasahau kuizima, na mashuka ya ghorofa nzima yametoka na rangi ya chai. Meneja ameniuliza nina tatizo gani. Nikamwambia tatizo la kifamilia, akasema pole, akaondoka haraka kabla sijamweleza.

Hajanitaja hata kwa ubaya? Hata kusema yule mtoto asiye na shukrani? Ningeridhika na hilo, nakuapia. Mtu akikutukana kwenye shajara yake ina maana alikaa jioni nzima na wewe kichwani. Lakini kutokuwemo kabisa, hapo sina hata pa kuanzia kuomba msamaha.

Nataka kuona kwa macho yangu. Unafanya kazi kwenye duka la fotokopi, mdogo wangu, usiniambie haiwezekani. Ukurasa mmoja tu, uchague mwenyewe, uutie kwenye bahasha. Baba hataona.

Najua kwa nini utakataa. Najua kilichojaa humo. Kufuli kanikata kucha. Kufuli kanipikia, Kufuli kaniongoza koridoni, ningekuwa wapi bila Kufuli. Mama aliishi na kitabu kile nyumba moja mpaka akafa bila kujua kama yumo, na sasa kimejaa wewe, kwa mwandiko wako mwenyewe. Nina wivu. Naandika neno lenyewe ili usiseme namung'unya maneno. Nikilala nakuona umeketi pale mezani, umeinamisha kichwa, na baba anakuambia mambo ambayo mimi ningetoa mshahara wa mwaka kuyasikia.

Ukurasa mmoja.

Meja


Tarehe 3 Machi

Dada, shikamoo.

Ukurasa hutaupata. Kitabu si cheti cha kuzaliwa nikutolee nakala.

Ila kwa kuwa umesema una wivu, nitakupa dawa yake. Mimi simo. Umesoma vizuri, rudia kama hukuamini. Tangu mwezi wa kumi na moja hadi leo, hakuna kucha, hakuna chakula, hakuna koridoni. Namwogesha, namvalisha, namsomea gazeti, halafu jioni anasema, "Andika: mvua, kiasi." Mwezi uliopita niliumwa homa, nikapika nimejifunga blanketi huku natetemeka. Kitabu cha siku ile kinasema jengo la pili limepata mota mpya na itadumu wakiitunza. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe siku ambazo ndani yake mimi sikuwepo. Jaribu wewe, Meja, uone kama utapendezwa.

Ulipoondoka nyumbani uliondoka na sauti yote. Wewe ndiye uliyekuwa unabishana naye, wewe ndiye uliyefundishwa naye kushika bisibisi. Mimi nilibaki kuwa yule binti anayepisha watu mlangoni. Kwa hiyo usinionee wivu, ninaomba. Wivu wako hapa hauna pa kukaa, nafasi imeshachukuliwa.

Kufuli


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Basi. Nimeelewa, na sikulaumu tena.

Nilikuwa sijakuambia kwamba nina likizo ya miezi miwili iliyolimbikizwa. Nilipanga kuja mwezi ujao. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi, mtu mzima mimi, nasimama mbele ya mlango wa chumba changu nasema, "Baba, nimekuja kukuangalia wewe," kisha narudia kwa sauti nyingine. Hiyo yote nilikuwa naijenga juu ya matumaini kwamba humo kitabuni kuna japo mstari. Sasa najua hakuna. Mtu ambaye hata kwenye mazungumzo yake na nafsi yake umekufa, hutamfufukia mlangoni.

Kampuni inafungua hoteli mpya ng'ambo na wanataka msimamizi wa dobi. Mkataba ni wa miaka mitano. Nasaini mwisho wa mwezi huu. Tuseme ukweli wenyewe, kwa umri wa baba na hali yake, nikienda ndiyo nimekwenda. Hela ya hospitali nitatuma. Nimekutumia pia koti langu la kijivu, mimi ninakokwenda ni joto.

Usimwambie kitu. Hana haja ya kujua kwamba mtu ambaye hamtaji amehama.

Meja


Tarehe 20 Machi

Meja,

Usisaini. Barua hii nimeilipia ya haraka na ninaandikia kwenye ngazi za jengo, maana nyumbani ataisikia kalamu, na habari yenyewe ni ya kalamu.

Nilikudanganya. Anakutaja. Anakutaja karibu kila jioni.

Mwanzo niliandika. Jioni ya kwanza alisema, "Huko aliko mkubwa wangu sijui kama wanakula mapema." Nikaandika. Kesho yake tena wewe, keshokutwa tena wewe. Mimi nimetoka kumfulia, nimekaa karibu yake magoti yanagusana, naye anaongea na mtu aliye mbali kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu. Mkono ukawa mzito. Jioni moja nikaacha mstari. Hakuna kilichotokea. Siku nyingine nikaacha habari nzima. Nikajiambia haoni, hatajua. Ikawa kila akifika kwako nashika kalamu hewani na kusubiri apite. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa nimeshakufuta kitabuni, nikaona rahisi kukufuta na kwenye jibu. Nilisikia raha, dada. Nisikufiche hata hilo. Ulipoandika kwamba huna hata pa kuanzia, nililala vizuri.

Juzi nilikuwa na barua yako ya mkataba mfukoni. Baba alisema maneno marefu, mimi nikaandika hali ya hewa na lifti.  Kisha akasema, "Nimesema mengi. Kalamu yako imekwenda kidogo."

Nikamwambia, "Nafupisha, baba."

"Unafupisha palepale kila siku."

 Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu nilipoanza. Mtu aliyesikiliza kamba za lifti ndani ya shimo lenye giza maisha yake yote, atashindwaje kusikia kalamu iliyo mbele ya pua yake? Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nilitaka kuona utachoka lini."

Hapo ndipo nililia, na si kwa toba. Nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Na mimi je? Mimi mbona simo humo?"

Alishangaa, ungemwona. Alishangaa kweli kama nimemuuliza mbona kijiko hakimo kitabuni. Akasema, "Wewe upo. Kitabu ni cha asiyekuwepo. Nilikuwa nashinda kazini bila kuwaona, jioni nawaandika. Mama yenu alipoondoka nikamwandika. Aliye chumbani namwandika wa nini, si nazungumza naye?"

Nikamwambia, "Hunizungumzishi."  Alikifunga kitabu mwenyewe, akakipapasia sanduku, akasema, "Yale uliyoyaacha, mwandikie mwenye nayo."

Basi ndiyo haya. Nayaandika ninavyoyakumbuka, sitii chumvi.

Alisema: "Alikuja na sanduku la kijani. Nilimuuliza amekuja kuangalia nini. Nilikuwa na hasira na kifo. Kifo kilikuwa kimeshaondoka, yeye ndiye aliyefika mlangoni."

Alisema: "Mashuka haya yana harufu ya kazini kwake. Yakifuliwa hapa harufu inapotea, nimemwambia huyu asiyafue mara kwa mara." Huyo ni mimi. Hapo pekee ndipo nilipotajwa, kwa jina la huyu, nami hata hilo sikuliandika.

Alisema: "Mtu akipanda ngazi kwa haraka naacha kula. Wengine wote wanangoja lifti, yeye tu ndiye aliyekuwa hana subira."

Alisema: "Simu siwezi kuipiga. Nilimfukuza kwa mdomo huu, sasa mdomo unaona haya."

Mengine nimeyasahau. Hilo ndilo kosa langu lisilo na dawa. Kuna jioni nyingi mle ndani ambazo ulitajwa na hukuandikwa, na hakuna awezaye kuzirudisha, hata yeye mwenyewe.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Njoo. Duka limenipa tena nafasi ya mafunzo ya kutengeneza mashine, miezi miwili, mji mwingine. Nimeikataa mara nyingi kwa ajili ya baba. Ukija nitakwenda, na sisemi nakwenda kwa wema. Sitaki kuwepo ukipokelewa.

Kufuli


Tarehe 26 Machi

Kufuli,

Nimeandika barua nne nikazichana. Hii ya tano ni fupi ili nisipate muda wa kutukana.

Ulilala vizuri. Sentensi hiyo nimeisoma mbele ya mashine, mbele ya kioo, na mbele ya sahani ya chakula ambacho sikukila. Nimeona miaka yangu mitano ya ng'ambo ilivyokuwa imekaa juu ya usingizi wako mzuri. Ungenionya, ningegombana nawe, tungerushiana maneno, tungemaliza. Lakini wewe hugombani. Unanyamaza, halafu mtu anagundua baadaye kwamba ameshaibiwa.

Sijakusamehe. Nimeomba likizo. Wameniongezea muda wa kufikiria mkataba mpaka mwezi wa tano. Naingia tarehe sita jioni. Acha ufunguo kwa jirani na uondoke asubuhi, tusikutane kwenye ngazi, maana sijiamini.

Niachie maelekezo ya dawa, makubwa, yasiyo mwandiko wa kuku.

Meja


Tarehe 24 Aprili

Dada, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu nifike huku. Mbili hukujibu. Nimeuliza posta, wanasema zimefika.

Mafunzo yanakwenda vizuri. Tunafungua mashine nzima nzima na kuzirudisha, mikono inashinda na wino mweusi, na mwalimu anasema nina sikio zuri, nasikia gurudumu lililochoka kabla halijakwama. Sikumwambia nimelitoa wapi. Chumbani tunalala wanawake sita na wote wanaongea usingizini.

Kwenye barua ya kwanza nilikuuliza kama amekupokea vizuri. Hukujibu, nikaona labda mko kwenye raha yenu, hamna nafasi. Kwenye ya pili nilikuuliza kama anakunywa dawa ya jioni au anaificha chini ya ulimi. Sasa sitauliza kitu. Kitabu hasa sikiulizi. Kama ananitaja au hanitaji ni mambo yenu, nimeshazoea. Niliondoka asubuhi ile nikamwambia baba, "Nakwenda," akasema, "Haya." Haya tu. Nilishuka ngazi zote nikingoja aniite.

Kama bado una donge nami, liandike, hata kwa matusi. Wewe mwenyewe ulisema kwamba matusi ni bora kuliko kutokuwemo.

Kufuli


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako zote tatu ninazo, ziko chini ya mto. Sikujibu kwa sababu ya wivu. Nilitaka nisubiri upungue kwanza. Haujapungua, basi naandika hivyohivyo.

Nilifika jioni kama nilivyosema. Ufunguo nilikuwa nao lakini sikutaka kuingia kama mwizi, nikagonga. Yale mazoezi yangu yote ya kuongea yakayeyuka. Akafungua mwenyewe, akasimama, uso umeelekea begani kwangu, akasema, "Lifti ni nzima, mbona umepanda kwa miguu?" Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja miaka minne.  Akapapasa mpaka akalipata sanduku, akanipokea, akalibeba huku analigonga ukutani mpaka chumbani, hakukubali nimsaidie.

Baada ya kula akanisukumia kitabu. Nilikuwa nimenunua kalamu mpya, Kufuli, cheka tu. Nikasema moyoni, leo nitaandika jina langu kwa mkono wangu. Akasema, "Andika: joto. Kamba imebadilishwa, wameifunga vibaya." Nikangoja. Akasema, "Basi." Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Nilisafiri njia nzima ile kuja kujikuta kwenye kitabu, na siku niliyoingia mlangoni ndiyo niliyotoka humo. Nimesamehewa na nimefutwa kwa pamoja.

Nikajikaza. Unanijua, namwongelesha tangu asubuhi. Namweleza wageni wa hoteli wanavyoiba taulo, tunabishana habari za redio, anacheka, juzi alicheka mpaka akakohoa. Nikaona basi, mimi nina mdomo wake, kitabu kibaki na lifti. Nilikuwa nimeridhika kabisa, na nakiri kwamba sehemu ya raha hiyo ilikuwa kukufikiria wewe huko ukiwa huna mdomo wala kitabu.

Jioni moja akageukia dirishani. Akasema, "Andika. Nyumba sasa ina maneno mengi, na ni mazuri. Lakini wa kunyamaza naye hayupo."

Kalamu ilinikwama. Siku nzima nimempa kila kitu nilicho nacho, sauti yangu mpaka imekauka, halafu jioni anamkosa mtu asiyesema kitu. Nilitamani kuuruka mstari ule kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Hapo nikakuelewa, na nilikuelewa kwa mkono, si kwa akili, na hasira yangu yote niliyokuja nayo ikakosa mahali pa kukaa. Niliandika neno kwa neno. Usinisifu, niliandika kwa sababu alikuwa ametega sikio. Ila kuna jambo moja ambalo hangeweza kulisikia, nalo ni barua nisizoandika. Hapo ndipo nilipokunyima. Nilitaka ukae kidogo mahali nilipokaa mimi.

Tangu jioni ile uko humo kila siku. Nakuandikia machache, mengine utayasoma mwenyewe, ameruhusu.

Alisema: "Aliposema anakwenda nilijibu haya. Nilikuwa na maneno mengine, lakini sisi wawili hatuna mazoea ya kuyatumia. Nilimsikiliza mpaka ghorofa ya chini. Alishuka taratibu sana."

Alisema: "Alipika akiwa na homa. Nilisikia meno yake yakigongana. Niliogopa nikisema apumzike ataniuliza nani atapika, na mimi sikuwa na la kumjibu. Nikaandikisha habari za mota."

Alisema: "Amesema simzungumzishi. Ni kweli."

Baada ya hili la mwisho alikaa kimya muda mrefu na mimi pia nilikaa kimya, ikaonekana dhahiri kwamba sijui kukaa kimya, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa nikuonye mapema ili usije ukanilaumu. Mafunzo yakiisha ukirudi, utatoka humo siku hiyohiyo, kama mimi. Utakuwa tena mtu wa chumbani. Atakuambia kuna joto. Atakuuliza iko wapi chumvi. Ukitaka kuendelea kuandikwa vizuri hivi, bakia huko, tafuta kazi, tutakuwa tunakutumia mashuka. Fikiria vizuri, mimi sitakuita wala kukuzuia.

Kwa upande wangu nimeshafikiria. Hospitali ya hapa wamenipa kazi ya kusimamia ufuaji, mshahara ni mdogo na mashine zao ni za aibu. Ule mkataba wa ng'ambo nimeurudisha bila saini. Sitaki tena kuandikwa.

Dada yako,
Meja